Yule Fundi wa Kwenye Televisheni Ni Mimi

Generoza mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Titye kumuaga mjomba wako, na ninavyomjua mjomba hatawaachia mapema, kwa hiyo nina mchana mzima. Leo Jumapili, sina wateja. Nimekaa kwenye meza ya kazi, nimesogeza pembeni televisheni mbili za watu ili karatasi ipate nafasi. Mama yako ameshakwambia habari za chakula cha njiani, za sweta, za nyumba ya shangazi yako huko Dar es Salaam na saa ya kurudi jioni. Hayo siyarudii. Ninayo mengine yaliyonikaa miaka mingi, na nikijaribu kuyasema kwa mdomo nitaanza mzaha katikati, wewe utacheka, na mimi nitakuwa nimekwepa. Karatasi haicheki. Ndiyo maana nakuandikia.

Umekua ukijua baba yako hapendi mtu kuigwa. Ulikuwa na miaka minane siku ile ulipojifunga kanga ya mama yako, ukapanda kwenye kiti cha jikoni na kumuiga mwalimu mkuu wa shule yako akiwasomea wazazi majina ya watoro. Ulimpatia mpaka namna ya kuvuta miwani. Mama yako alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Mimi nikaingia, nikakushusha kwenye kiti kwa mkono, nikasema, "Nikisikia tena unamuiga mtu humu ndani, utanijua." Uliniangalia kama mtu usiyemfahamu. Hukuuliza kwa nini, na mimi sikukwambia. Hilo la kutokukwambia ndilo kosa langu la pili. La kwanza ni kubwa zaidi, nalo ndilo nataka ulijue kabla hujaanza kazi yako.

Kabla hujazaliwa, nilikuwa kijana wa Busunzu niliyekuja hapa Kasulu kujifunza ufundi. Televisheni zilikuwa za kuhesabu. Bosi wangu alikuwa nayo moja kubwa ya mgongo, na siku za gulio tulikuwa tunaipakia kwenye gari pamoja na jenereta, tunakwenda vijijini kuonyesha mpira na kipindi kimoja cha vichekesho ambacho waigizaji wake walijivika suti na kuwaiga wakubwa wa nchi. Watu walikuwa wanajaa mpaka wengine wanakaa juu ya miti.

Basi ukaja msimu wa kampeni za urais. Siku moja tukiwa Busunzu, kwetu kabisa, jenereta ikazima katikati ya kipindi. Bosi anavuta kamba, haiwaki. Watu wakaanza kelele, mmoja akatikisa nguzo ya turubai. Sijui nini kilinituma. Nilisimama mbele ya ile televisheni iliyozima, nikatoa tumbo nje, nikameza mate taratibu kama mtu anayekunywa maji jukwaani, nikaanza kusema kwa sauti ya mgombea mmoja aliyekuwa amepita Kibondo wiki hiyo. Huyo alikuwa na mtindo wa kuvuta neno la mwisho mpaka wewe mwenyewe unaishiwa pumzi. "Ndugu wananchi wa Busunzuuu! Nikiingia Ikulu, nitawaletea lami mpaka mlangoniii! Anayetaka mpaka chumbani, anyooshe mkonooo!"

Mwanangu, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Unaikumbuka barabara yetu ilivyokuwa kabla ya lami? Kutoka Kasulu hadi Kibondo ulikuwa unashuka kwenye basi ukiwa mwekundu kuanzia nywele mpaka soksi. Watu wale walikuwa wamekula vumbi hilo maisha yao yote na ahadi ya lami wakaisikia kila baada ya miaka mitano. Nilipowapa ile ya chumbani, mikono ikanyooka yote. Mzee mmoja akapiga kelele, "Mimi naomba ipite chini ya kitanda!"

Tangu siku hiyo bosi hakujali tena jenereta. Kila gulio watu walikuja kumsikiliza mgombea wao wa Busunzu. Nikajulikana. Nikipanda basi, kondakta ananiambia, "Mheshimiwa, kaa mbele."

Halafu siku moja nikaletewa karatasi kwamba mtendaji wa kata ananiita ofisini. Bibi yako alipoisoma alikaa chini. Unajua sisi historia yetu. Babu yako alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, na ingawa karatasi zake zilikuwa zimekamilika, nyumbani kwetu tuliishi kama wageni waliokaribishwa vizuri, hatupandishi sauti. Bibi akanifungia blanketi na sabuni kwenye mfuko. "Huko unakokwenda," akasema, "hawana matandiko."

Nikaenda na blanketi langu. Mtendaji akafunga mlango, akafunga na dirisha. Akakaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hebu fanya."

"Nifanye nini, mheshimiwa?"

"Ile ya lami. Mke wangu ameisikia gulioni, mimi nilikuwa semina."

Nikaifanya, blanketi likiwa bado kwapani. Alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza akajifuta, akaweka sura ya kazi, akasema nisije nikaifanya karibu na uwanja siku ya mkutano wa hadhara, basi. Aliponifungulia mlango akauliza, "Hilo blanketi la nini?" Nikasema nalipeleka kwa dobi.

Nakuelezea hili kwa sababu watu wengi watakutisha kuhusu kuwaiga wakubwa, na wapo ambao watakuwa na haki ya kukutisha. Sisemi kila mlango utafungwa kwa ajili ya kicheko. Kuwa na akili. Lakini mimi hofu yangu yote niliiweka kwa mkubwa, na kule nilikokosea hapakuwa na mkubwa yeyote.

Palikuwa na Mwalimu Yeremia. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, darasa la kwanza na la pili. Alikuwa amestaafu, ana shamba la maharage na migomba, na msimu ule akakubali kukisemea chama kimoja kidogo ambacho pale kwetu hakikuwa na watu kumi. Alikuwa anasimama penye mkusanyiko wowote, gulioni, kwenye pombe, akitoka kanisani, anazungumza. Na Mwalimu, kama wazee wengi wa kwetu waliojifunza Kiswahili wakiwa na Kiha mdomoni, alikuwa anachanganya r na l. Alipotaka kusema watu wasiuze kura, alisema, "Ndugu zangu, msiuze kula zenu. Kula ni mali yenu."

Unaona jinsi ilivyokuwa rahisi. Sikuhitaji hata kufikiri.

Gulio lililofuata nilianza na mgombea wa urais kama kawaida, watu wakacheka, lakini walikuwa wameshamzoea. Nilihisi kicheko kimepungua, na nilikuwa nimeshaanza kukihitaji kile kicheko kama mtu anavyohitaji sigara. Nikamuona Mwalimu Yeremia amesimama nyuma, karibu na wauza dagaa, na kofia yake ya pama. Nikainamisha mgongo, nikashika fimbo ya hewani, nikasema, "Ndugu zangu, msiuze kula! Kula ni mali yangu! Leteni ugali na migebuka, mimi nikawawakilishe!"

Turubai karibu lianguke. Watu waligeuka wote kumtazama. Wale waliokuwa wanamheshimu walicheka, waliosoma kwake walicheka. Nami nikaongeza, nikaongeza tena. Nikamtembeza, nikamkohoza. Mwalimu alisimama kidogo, akatabasamu kama anayetaka kuonyesha kwamba na yeye ameuelewa utani, halafu akageuka akaondoka. Alitembea taratibu sana. Nadhani alikuwa hataki aonekane anakimbia.

Bibi yako alikuwepo. Nilimuona mbele kabisa kwenye mkeka, na hakuwa anacheka. Nilipofika nyumbani alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Ile sauti uliyokuwa unaiga," akasema, "ni ya nani?"

"Ya Mwalimu Yeremia, mama."

"Hapana. Ni ya baba yako."

Babu yako alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Siku babu alipokwenda kuulizwa maswali ya uraia, usiku kucha alikuwa ameketi kitandani akirudia neno hilo moja, uraia, uraia. Alipofika mbele ya meza akasema "ulaia." Kijana mmoja aliyekuwa anaandika akacheka. Si kwa ubaya, alicheka tu. Babu alipewa karatasi yake, akarudi nayo nyumbani, akaiweka mezani na hakula siku hiyo. Tangu hapo mbele ya watu alikuwa anajibu kwa kichwa. Mimi nilikua nikidhani baba yangu ni mtu mkimya.

Bibi hakunigombeza. Aliendelea na maharage yake. Afadhali angenigombeza.

Wiki zilizofuata watoto wakawa wanamfuata Mwalimu barabarani wakiimba "Msiuze kula." Uchaguzi ukapita, mgombea wa lami akashinda au akashindwa, hata sikumbuki nilijali kiasi gani. Mwalimu aliacha kusema. Si siasa tu. Hata kanisani aliacha kusoma somo. Mimi nikaacha kuiga, nikarudi Kasulu, nikainamia waya na risasi ya kulehemu, na nikawa ninakwepa kwenda nyumbani siku za gulio. Nilijiona nimejiadhibu vya kutosha. Ilikuwa kazi rahisi, maana kujiadhibu hakukunilazimu kumtazama mtu usoni.

Ilinichukua miaka miwili kwenda. Mama yako ndiye aliyenisukuma. Tulikuwa tumechumbiana, nikamsimulia, akasema haolewi na mtu anayekwepa gulio la kwao. Nikapanda basi mpaka Busunzu, nikamkuta Mwalimu shambani, anapalilia.

"Mwakeye, Mwalimu."

Akaitikia, akaendelea kupalilia. Nikasema yote, nimesimama na kofia mkononi. Akanyoosha mgongo.

"Umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili yako?"

Nilitaka kusema kwa ajili yake. Nikashindwa. "Kwa ajili yangu, Mwalimu. Silali vizuri."

Akacheka, kicheko cha kweli. "Angalau hujadanganya. Haya, jembe lile pale."

Tukalima mpaka jua likawa utosini. Tulipokaa kunywa uji akaniambia, "Unajua siku ile nilikuwa nataka kusema nini? Nilikuwa nataka kusema habari za kisima. Wale wa chama kikubwa walikuwa wamegawa fulana, na mimi nilitaka kuwaambia watu waombe kisima badala ya fulana. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Wewe ukawapa kula, wakasahau kisima."

Nikaweka bakuli la uji chini.

"Kuna mkutano wa kijiji Alhamisi," akasema. "Mimi sisemi tena, nikifungua mdomo watu wanasubiri r. Utasema wewe. Na useme kwa sauti yako mwenyewe."

Generoza, mimi niliyekuwa nawachekesha watu mia tatu bila kipaza sauti, siku ile Alhamisi nilisimama nikasahau hata kusalimia. Sikuwa na tumbo la mtu wa kutoa nje wala fimbo ya hewani. Nilikuwa na sauti hii yangu nyembamba. Nikasema wanawake wa Busunzu wanatembea saa nzima kuteka maji na kwamba Mwalimu Yeremia alitaka kulisema hili miaka miwili iliyopita, na mimi ndiye niliyewafanya wasimsikie. Mtu mmoja akasema nirudie kile kipande cha lami. Nikasema leo hapana. Kisima hakikuchimbwa mwaka ule wala uliofuata. Kilichimbwa baadaye, baada ya barua nyingi ambazo Mwalimu alisema nami nikaandika. Ulikuwa unakunywa maji yake kila ulipokwenda kwa bibi, na Mwalimu alikuwepo siku bomba linafunguliwa, akatoa hotuba fupi na r zake na l zake zote, na watu wakapiga makofi.

Sasa unaelewa ile siku ya kiti cha jikoni. Niliposikia nyumba yangu inacheka, nilijisikia mimi nimesimama mbele ya turubai, nikaogopa kwamba nimekurithisha kitu kibaya. Badala ya kukuambia hadithi hii nikakutishia. Ukaenda kujificha Titye, kwa mjomba wako, ukawa unafanyia maigizo yako kwenye banda la ng'ombe. Niliyajua hayo muda mrefu. Mjomba alinipigia simu akisema, "Shemeji, ng'ombe wangu wamependa siasa." Nikajifanya sijaelewa. Ulipoingia chuo cha ualimu nikafurahi, nikadhani imekwisha. Kumbe mwanangu una simu na mlango wa bweni unaofungwa, na unajirekodi na kuwatumia watu wa kipindi cha kejeli cha televisheni.

Nataka pia nikueleze siku niliyokuona, kwa sababu nilikwambia tu "nimeona" na nikaondoka.

Nilikuwa natoka Kigoma mjini kununua vipuri. Basi lilikuwa na televisheni mbele, kondakta ameweka kipindi hicho cha kejeli. Sikuwa naangalia, nilikuwa nahesabu fyuzi zangu. Nikasikia sauti inasema, "Subiri kidogo, mheshimiwa, nikushike vizuri, una chenga kwenye picha." Nikainua kichwa. Kwenye kioo kuna mzee amevaa koti la bluu lililotoboka mfukoni, bisibisi juu ya sikio, anaitengeneza televisheni ambayo ndani yake mgombea wa urais anahutubia. Kila mgombea akitoa ahadi, mzee anaipiga televisheni ubavuni na kumuuliza, "Hiyo ya mwaka gani? Ya mwaka huu au ile ya zamani umeipaka rangi?" Basi zima linacheka. Na nilikuwa nimevaa koti lile lile.

Masikio yalinichoma, sikufichi. Nilisema moyoni, deni limelipwa. Mwalimu Yeremia amelipiwa na binti yangu mwenyewe. Nikataka kushuka kabla ya kituo changu.

Lakini nikaendelea kuangalia, kwa sababu fundi haachi televisheni inayowaka. Nikaona kitu. Yule mzee alikuwa anachekesha, ndiyo, lakini hakuna aliyekuwa anamcheka yeye. Ana koti lililotoboka na anajua kazi yake. Akamuuliza mgombea swali moja la umeme, swali ambalo nimekuwa nikiuliza mezani kwetu tangu uko tumboni, na mgombea akaanza kukohoa, akaomba maji, akageuka chenga tupu. Mzee akafungua mgongo wa televisheni, akachungulia, akasema, "Huku ndani hakuna kitu." Nikacheka mpaka fyuzi zikamwagika chini ya viti.

Mama mmoja aliyekaa karibu nami akanisaidia kuziokota. "Huyo mtoto anajua," akasema.

"Yule fundi ni mimi," nikamwambia.

Akaniangalia koti, akaangalia kioo. "Acha uongo, baba. Yule ameigizwa na binti."

Nilifika Kasulu nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Nikakwambia "nimeona," nikaenda kuoga.

Wiki iliyopita ulinifuata hapa dukani. Ulisema wale watu wa kipindi wamekuita kwa sababu ya yule fundi, na kwamba wanamtaka kila wiki, kipindi chote cha kampeni mpaka kura zihesabiwe. Ukasema, "Baba, ukisema hapana, nitawaandikia mhusika mwingine. Sitaenda kukuuza." Mimi nikachukua bisibisi nikaanza kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa. Ulisubiri, halafu ukasema haya baba, ukaondoka. Naomba unisamehe kwa ile skrubu.

Hukujua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Wala mimi sikumuuliza Mwalimu. Kama ningemuuliza, labda angesema ndiyo, labda angenifundisha na hotuba ya kisima, ningeisema kwa sauti yake na watu wangeicheka na kuikumbuka. Wewe uliuliza, na hukuwa umefundishwa na mtu. Nilikaa na hilo wiki nzima nikitabasamu mbele ya wateja kama mtu aliyepoteza akili.

Jibu langu ni ndiyo. Mchukue. Mchukue na koti, na bisibisi, na namna ninavyoiongelesha televisheni. Ukimfanya mnene kidogo sitalalamika.

Ila miaka yote hii nimeketi mbele ya wagombea wa urais nikiwatengeneza wasionyeshe chenga, nao hawajawahi kunisikia hata mmoja. Nina maswali. Nilianza kuyaandika jana, nikadhani yatakuwa matano. Nimeyaweka kwenye ukurasa wa nyuma, yamefika kumi na saba, na mama yako ameongeza moja kwa mwandiko wake. Anza na la zahanati. Usikubali akujibu kwa kukohoa.

Baba yako,
Deogratias, fundi.